Shali Ndogo ya Pamba



Kazi ya nyumbani ina jambo moja linalochosha kuliko uzito wake: haikai. Bukari uliosongwa mchana umeliwa kabla jua halijashuka. Maji yaliyochotwa asubuhi yamekwisha jioni. Uwanja uliofagiwa umejaa majani tena, na nguo zilizofuliwa Jumamosi ni chafu Jumatatu. Simlaumu mtu, kwa maana ndivyo nyumba ilivyo, na watoto wasipokula wala wasipochafuka, tungelia. Lakini mtu afanyaye kazi kutwa asione hata kitu kimoja kimesimama nyuma yake, moyo wake huchoka kabla ya mikono.

Kwa sababu hiyo nataka leo kusifu kazi moja ndogo ambayo, ikiisha, imekwisha kweli, nayo yabaki. Ni kufuma shali ya pamba, kwa sindano mbili, ya kuvaliwa wakati wa kiangazi.

Huenda mtu atacheka akisema: Shali wakati wa kiangazi? Huyo hajakaa Lubumbashi. Mji wetu uko juu, karibu mita 1200 juu ya bahari, na tangu Mei hata Septemba mvua hainyeshi. Mwezi wa Juni na wa Julai, yule aendaye Misa ya alfajiri hutetemeka njiani. Saa sita mchana jua limewaka, naye atafuta kivuli. Jioni upepo warudi na baridi yake. Tena vumbi jekundu la barabara laingia puani na katika nywele. Koti zito lafaa asubuhi tu, kisha ni mzigo mkononi. Shali nyepesi ya pamba yafaa kutwa nzima. Alfajiri yafunika mabega. Mchana yafungwa kichwani, au yamkinga jua mtoto aliye mgongoni. Barabarani yaziba pua na kinywa. Sokoni yafunika kikapu. Pamba hunywa jasho, haiwashi shingoni kama sufu, na ikichafuka yafuliwa kwa sabuni ya kawaida. Kitu kimoja, kazi tano.

Kanisani nako haikosi nafasi. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliwaagiza wanawake wafunike vichwa vyao. Sheria mpya ya mwaka 1983 haina tena agizo hilo. Hata hivyo wengi wetu tungali tunapenda kufunika kichwa mbele ya Ekaristi. Tunafanya hivyo kwa heshima tu, na kitu kilichofumwa kwa mkono wa mtu mwenyewe ni heshima nzuri.

Sasa nieleze namna ya kuifuma, maana nikiisifu bila kuieleza nitakuwa nimewanyima. Tafuta uzi wa pamba wa unene wa kadiri, gramu 200, na sindano mbili za unene wa milimita 5 hivi. Wengine hufumia spoki za baiskeli. Hizo ni nyembamba mno kwa kazi hii, zafaa kofia iliyokazwa. Ukikosa sindano za duka, chonga mwanzi mkavu, uulainishe vizuri usishike uzi.

Anza na vitanzi 4. Fuma vitanzi 2, tupa uzi mara moja juu ya sindano ili kupata kitanzi kipya, kisha fuma vyote vilivyobaki mpaka mwisho. Geuza kazi, ufanye vilevile. Basi, ndiyo yote. Kila mstari waongeza kitanzi kimoja, na vitundu vidogo vyapangana kando ya kingo mbili kama urembo, bila wewe kuhangaika. Kazi yaanza na pembe ndogo kama ukucha, ikiendelea kupanuka mpaka kuwa kitambaa cha pembe tatu. Ukifuma hivyo kila mstari, pande zake mbili zafanana. Haina ndani wala nje, wala haijikunji kingoni. Mtoto wa miaka 10 aweza kuishika.

Lakini uzuri mkubwa wa shali hii uko hapa: hakuna kipimo kinachokutisha. Mwenye kufuma triko lazima apime kifua, mikono na shingo, na uzi ukimwishia kabla ya mkono wa pili, ana triko la mkono mmoja. Shali ya pembe tatu yakubali uzi ulio nao. Ukiwa na gramu 100, utapata kitambaa cha shingo au cha kichwa. Ukiwa na 200, utapata cha mabega, chenye upana wa mita moja na zaidi kidogo. Uzi ukikaribia kwisha, bakiza urefu wa mara 4 ya ukingo mrefu, ufunge vitanzi kwa mkono uliolegea, maana ukikaza, ukingo utavutika kama mdomo wa mfuko. Halafu ifue kwa maji ya vuguvugu, ikamue bila kuisokota, itandaze juu ya mkeka kivulini.

Mtu apataye saa moja tu kila jioni, watoto wakiisha kulala, atamaliza ile ndogo kwa muda wa wiki moja na zaidi, na ile kubwa kwa wiki mbili au tatu. Hiyo ni upesi. Mwanzoni mistari ni mifupi, yakimbia, na moyo wapata nguvu. Mwishoni ni mirefu, lakini wakati huo umekwisha kuipenda na huwezi kuiacha. Umeme ukikatika, si neno: vidole vyajua njia yao gizani. Mtu aweza hata kusali Rozari huku anafuma.

Uzi wenyewe unastahili neno moja. Katika nchi yetu pamba haikuwa furaha siku zote. Tangu mwaka 1917 serikali ya Wabelgiji ilianza kuwalazimisha watu kuilima, kwanza upande wa Maniema na Uele, kisha mahali pengi pengine. Wazee walipimiwa mashamba, wakauza kwa bei waliyopangiwa, na aliyekataa aliadhibiwa. Bibi zetu wengi walipalilia na kuchuma pamba miaka na miaka, na ikapakiwa ikaenda zake. Kila nishikapo uzi huu nawakumbuka. Ilikuwa pamba ileile. Lakini wao waliishika kwa amri, nami naishika kwa kupenda, na shali itakaa juu ya mabega ya mtu nimjuaye. Furaha ya kazi haiko katika kazi peke yake. Iko pia katika uhuru wa yule anayeifanya.

Tena tusidhani kwamba kufuma ni jambo la nchi za barafu, lililoletwa kwetu bila sababu. Ni kweli kwamba mama zetu wengi walijifunza katika foye za miaka ya 1950, mbele ya Masista, wakifuma kofia na soksi za sufu za watoto wachanga. Lakini kazi za sindano mbili au zaidi zilizo za kale kuliko zote tunazozijua zilipatikana Misri, katika Afrika hii. Nyingi ni soksi, nazo zilifumwa kati ya mwaka 1000 na 1400 hivi, kwa uzi wa pamba mweupe na wa buluu. Basi anayefuma pamba penye jua hawaigi wazungu. Amerudi mahali pa zamani.

Najua neno ambalo wengine watasema: Sokoni nguo kuukuu zitokazo Ulaya zauzwa bei ndogo kuliko uzi, kwa nini kujisumbua? Sitabishana juu ya bei. Mwenye kutafuta kuvaa tu, anunue. Lakini nitawasimulia habari ya jirani yangu mmoja, bila kumtaja jina.

Mume wake alipofariki, ndugu za marehemu walikuja kabla ya siku arobaini, wakachukua kitanda, redio, baiskeli, hata sufuria. Yeye alibaki na watoto watatu katika chumba kimoja. Alikuwa akikaa mlangoni, mikono juu ya magoti, hasemi. Tulimletea unga na mafuta, naye alishukuru, lakini mikono ilirudi juu ya magoti. Siku moja nilikwenda kwake na kazi yangu, nikaketi. Sikumfundisha neno. Baada ya siku mbili tatu aliuliza: “Mama, hiki chafanywaje?” Nikampa sindano zangu na uzi uliobaki, wa rangi mbili zisizopatana.

Alifuma muda wa wiki mbili. Sisemi kwamba uzi ulimwondolea huzuni. Huzuni ya mjane haiondolewi na uzi, wala haki yake hairudi kwa sindano. Haki hiyo iliendelea kutafutwa kwa mashahidi na kwa wazee, kama inavyopasa. Lakini Dominika aliyomaliza alikuja Misa na shali yake mabegani, na mwanamke mmoja alimwuliza ameinunua wapi. Akajibu: “Ni yangu. Nimeifanya.” Kati ya vitu vyote vya nyumba ile, hicho kilikuwa cha kwanza ambacho hakuna mtu aliyeweza kusema ni cha mwingine. Nguo ya sokoni ingempa joto, lakini isingempa jibu lile.

Tangu hapo sikubali mtu akisema kwamba raha ya kufuma ni mchezo wa wasio na kazi. Mungu mwenyewe, alipokuwa akiumba, aliitazama kazi yake siku kwa siku akaona ni njema. Alisimama, akatazama. Nasi tulioumbwa kwa mfano wake twahitaji kuwa na kitu, hata kidogo, ambacho tukikimaliza twaweza kukinyosha mbele yetu na kusema: ni chema. Asiyepata hayo kamwe huwa mkali kwa watoto na mchungu kwa mume, naye hajui sababu.

Huko Hamburg, katika Ujerumani, kuna picha iliyochorwa yapata mwaka 1400 na fundi aitwaye Meister Bertram, kwa ajili ya altare ya watawa wa Buxtehude. Bikira Maria ameketi, anafuma kanzu ndogo kwa sindano nne, amefika shingoni. Mtoto Yesu amelala majani karibu yake na kitabu, amegeuza kichwa kuwatazama malaika wawili waliokuja. Malaika wamechukua msalaba, mkuki, misumari na taji la miiba. Watu wengi wamefikiri kwamba ile kanzu ndiyo vazi lisilo na mshono ambalo Yoane anatusimulia katika sura ya 19 ya Injili yake, lile ambalo askari hawakulipasua, wakalipigia kura. Injili haisemi nani alilifuma. Mchoraji alimwona Mama.

Mimi napenda kwamba hakumchora Maria akilia. Mateso yako karibu, yamesimama pale kwenye ukingo wa picha. Naye mikono yake yaendelea, kitanzi baada ya kitanzi, kwa sababu mtoto atahitaji nguo hata hivyo. Mama wengi wa nchi yetu, katika miaka hii ya vita na ya kukimbia, wanaijua picha hiyo bila kuiona.

Basi, wapenzi, msingojee baridi iwakute. Nunueni uzi mwezi wa Aprili, kabla haujapanda bei. Katika jumuiya zetu za mtaa, wale wanaojua wakae karibu na wale wasiojua, bila kuwachoka. Tena kila mmoja wetu akimaliza shali yake, na afume ya pili kwa ajili ya mtu ambaye mikono yake iko juu ya magoti. Au bora zaidi: asimpe shali, ampe uzi na sindano, aketi naye.

Vitanzi 4 vyatosha kuanza.