Waya Chini ya Mchanga

Taa zenyewe zilikuwa za Krismasi. Nilizinunua Januari, pale Luthuli Avenue, Nairobi, wakati ambapo muuzaji hataki hata kuziona tena dukani. Nyuzi nne, kila moja mita kumi, na kila moja na kiboksi chake cheupe chenye kitufe kimoja. Nilizikunja ndani ya begi la vitabu nikangoja. Ramadhani ya 2025 ilikuwa inaingia Machi, na nilikuwa nimeapa kwamba Idi hiyo mtaa wetu utawaka.

Mtaa wetu, hapa Garissa, unaitwa Iftin. Kwa Kisomali, iftiin ni mwanga. Ukizaliwa hapa unasahau kwamba jina lina maana, mpaka stima ipotee. Hapo lazima mtu fulani aseme gizani, "Karibuni Iftin," na lazima tucheke, ingawa mzaha huo ni mzee kuliko mimi. Kuna mtambo wa sola wa megawati 50 nje ya mji, ulizinduliwa Desemba 2019. Jua letu linaingia kwenye gridi ya taifa na kwenda linakokwenda. Sisi tunakaa tukingoja lirudi.

Hooyo alipoziona taa aliuliza swali nililotarajia. "Si hizi ni za Krismasi?"

"Taa haina dini, hooyo."

Ayeeyo, mama yake, aliuliza swali ambalo sikulitarajia. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, tasbihi mkononi. "Na pale pa kuwashia patakuwa wapi?"

Nilidhani anauliza swichi. Nikamwambia asijali. Ayeeyo alilea watoto saba kwa feynuus, ile Waswahili wanaiita fanusi. Neno ni lile lile, wote tumelitoa kwa Waarabu. Kila nyumba aliyowahi kuishi ilikuwa na msumari mmoja wa feynuus, juu kuliko mkono wa mtoto, mbali na mkeka na mlango. Kabla ya kujua kitanda kitakaa wapi, alijua moto utakaa wapi. Haya nimeyafikiria baadaye. Siku ile nilikuwa na haraka.

Mbele ya nyumba yetu kuna njia ya mchanga, upana wake mkokoteni mmoja na nusu. Ng'ambo ya njia kuna mwarobaini mkubwa usio na mwenyewe. Wazee hukaa chini yake mchana, watoto jioni. Nikauchagua huo. Taa zikiwekwa kwenye ukuta wetu zingekuwa zetu. Kwenye mwarobaini zingekuwa za mtaa.

Sasa, taa za aina hii zina tabia moja. Kutoka plagi hadi taa ya kwanza kuna waya mfupi sana, na kiboksi kiko hapo katikati. Huwezi kukiacha kiboksi sebuleni halafu taa ziende mtini. Kiboksi lazima kifuate taa. Kwa hiyo nilitafuta ekstensheni mbili. Ya kwanza ilitoka kwenye soketi ya sebuleni ikapitia dirishani. Ya pili nikaichomeka kwenye ya kwanza katikati ya njia, na kile kiungo nikakizungushia tepu nyeusi na karatasi ya mkate. Nikachimba mfereji wa kina cha vidole vinne, nikalaza waya, nikafukia, nikakanyaga. Ukipita huoni kitu. Hilo ndilo nililojivunia zaidi, kwamba ukipita huoni kitu.

Viboksi nilivifunga kwenye shina la mwarobaini kwa kamba, kimo cha kifua cha mtoto wa miaka minane. Nilifanya makusudi. Kila kiboksi kina mitindo minane ya kuwaka. Ukibonyeza, taa zinakimbizana. Ukibonyeza tena zinafifia taratibu. Tena, zinapepesa kama macho ya mtu mwenye usingizi. Mtindo wa nane ni kuwaka tu, kimya, bila mbwembwe. Nilitaka watoto wabonyeze wenyewe. Na walibonyeza, wallahi. Usiku wa kwanza kulikuwa na foleni.

Zile usiku za kumi la mwisho zilikuwa tamu. Wanawake wakitoka tarawehe walipunguza mwendo chini ya mti. Bodaboda walisimama wakapiga picha. Mimi niliyezoea kuambiwa kwamba Nairobi imeniharibu, nilisalimiwa na watu ambao hawajawahi kunisalimia. Stima ilipotea mara mbili tatu, ikarudi. Kila iliporudi viboksi vilikuwa vimesahau vilikokuwa. Taa za bei ile hazina kumbukumbu, huanza upya na mtindo wa kwanza, ule unaochanganya yote kwa fujo. Watoto walipenda sana huo. Stima ikirudi mtaa mzima hupiga kelele, na safari hii mti nao ulipiga kelele.

Usiku wa kuamkia Idi, mvua ikanyesha. Haikuwa kubwa, ilikuwa ile ya kwanza ya Gu, inayotoa harufu ya vumbi kabla ya kulowesha chochote. Ikaendelea mpaka mchanga ukashika maji. Stima ikaenda. Tukafuturu kwa tochi ya simu, tukangoja habari za mwezi redioni, na mwezi ukaonekana. Kila mtu akataka kuoga, na mabomba yalikuwa makavu.

Anayetuletea maji siku kama hizo ni mzee mmoja ninayemwita adeer. Si ndugu ya baba yangu kwa damu, lakini umri wake ndio huo. Naye huniita adeer pia, maana kwetu jina hilo huenda na kurudi, mkubwa humwita mdogo kwa heshima ile ile anayopewa. Ana mkokoteni na alikuwa na punda mmoja. Mbele ya punda hutembea mjukuu wake wa miaka tisa hivi, ameshika kamba, miguu mitupu.

Ilikuwa safari yao ya mwisho. Walishusha mitungi miwili kwetu. Hooyo akampa yule mtoto sahani ya sambusa, na kwa kuwa alitaka mikono yote miwili kwa ajili ya sambusa, akapanda juu ya mitungi iliyobaki akakaa. Adeer akabaki nyuma akisukuma, kwa sababu gurudumu lilikuwa limezama kidogo. Punda akaanza kuvuka bila mtu mbele yake.

Stima ikarudi.

Mtaa ukashangilia. Mti ukalipuka kwa rangi. Nilikuwa mlangoni, na nakumbuka kwamba nilikuwa nacheka. Punda akakaza miguu yote minne kama amegandishwa, akatoa sauti ambayo si mlio wa punda, akaanguka kwa ubavu. Nilidhani ameteleza. Adeer alikuwa anakimbia kwenda kumwinua, na ni hapo tu ndipo kichwa changu kiliona kile nilichokuwa nimekificha vizuri sana. Nikapiga kelele, "Usimguse!" Nikaingia ndani nikang'oa plagi.

Taa zilikuwa zinawaka muda wote huo. Hilo bado linanirudia usiku. Punda amelala chini, na juu yake taa zinakimbizana nyekundu, kijani, buluu. Breka haikushuka. Hakuna kitu kilichoonyesha kwamba kuna tatizo.

Fundi aliyekuja baada ya Idi alinieleza bila kunihurumia, na ninamshukuru. Kwanza, magurudumu ya mikokoteni yalikuwa yanapita juu ya waya ule kila siku, na mchanga wa hapa una mawe madogo makali. Waya ulikuwa umeshakatwa ngozi kabla ya mvua. Pili, breka ya kawaida hailindi mtu. Kazi yake ni kuokoa nyaya za nyumba zisiungue. Hungoja amperi nyingi ndipo ishuke, ilhali moyo unaweza kusimama kwa sehemu ndogo tu ya amperi moja. Tatu, umeme ukivuja kwenye ardhi yenye maji husambaa, ukiwa mkali karibu na unapovujia na kupungua kadiri unavyokwenda mbali. Mtu akisimama miguu pamoja anaweza kuponea. Mnyama wa miguu minne amesimama huku na kule kwa wakati mmoja; umeme huingia kwa miguu ya mbele, hutokea ya nyuma, na moyo uko njiani.

Halafu akakifungua kiboksi kimoja kwa bisibisi, akanionyesha. "Unaona transfoma humu?" Sikuona. "Hii haipunguzi kitu. Volti 240 za ukutani zinaenda mpaka taa ya mwisho." Yaani hata bila ile njia, hata bila punda, nilikuwa nimefunga volti 240 kwenye mti, ndani ya plastiki nyembamba kama ukucha, kwenye kimo cha kifua cha mtoto. Na nikawaambia watoto wabonyeze.

Wazee walikaa siku ya tatu ya Idi, chini ya mwarobaini ule ule, taa zikiwa bado zinaning'inia zimezimwa. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali. Adeer hakuinua sauti. Aliniuliza kitu kimoja tu.

"Adeer, ulijua kwamba sisi hupita hapo?"

Ningeweza kusema sikufikiria, na huo ungekuwa ukweli. Lakini swali lake halikuwa hilo. Alikuwa amepita mbele ya mlango wetu tangu niko darasa la kwanza.

"Nilijua."

"Haya," akasema. Basi. Wazee wakataja bei ya punda, wakaongeza siku za kazi alizopoteza, na nikalipa. Niliuza laptopu. Kazi za chuo za muhula ule niliziandika kwa simu, na kila kidole kilipouma nilijua ni kwa nini. Hiyo ilikuwa sehemu rahisi. Sehemu ngumu ni kwamba adeer alipopata punda mwingine alibadilisha njia. Alizunguka nyuma, kupitia kule kwenye makorongo, akatuletea maji kupitia ukuta wa nyuma. Hakusema kitu. Punda mgeni hakuwa na sababu ya kuogopa njia yetu. Aliyekuwa anaogopa ni mwenye punda.

Nilitaka kuzitupa taa na kumaliza hadithi. Ayeeyo ndiye aliyekataa. Mwanzoni mwa Juni, Idi ya kuchinja ikikaribia, alisema watoto wanauliza. Nikamwambia sigusi tena waya maishani. Akanitazama kama mtu anayetazama maziwa yaliyochacha. "Feynuus ilishawahi kuchoma mkeka wangu," akasema. "Sikukaa gizani. Nilihamisha msumari."

Kwa hiyo tulihamisha msumari. Zile nyuzi nne nilizikata vipande mbele ya watoto ili mtu asije akaziokota. Nilinunua moja tu, ghali, ambayo transfoma yake iko pale pale kwenye plagi. Volti 240 zinaishia ukutani. Kinachotoka dirishani ni volti 24. Kiboksi cha kubonyeza kiko ndani, kwenye rafu, karibu na kopo la sukari la hooyo. Dirishani niliuacha waya uning'inie chini kidogo kabla ya kupanda, ili maji ya mvua yadondokee hapo yasifuate waya kuingia ndani. Fundi aliweka kifaa kwenye boksi la stima ambacho hukata kila kitu umeme ukivuja hata miliamperi 30. Kina kitufe kidogo cha kujaribia.

Na waya haupiti chini tena. Tulisimamisha nguzo mbili. Kabla ya kuupandisha, nilichukua mti mrefu nikaenda kumtafuta adeer kule makorongoni. Nikamwomba aje anipimie kimo cha mkokoteni wake ukiwa umejaa nyasi mpaka juu kabisa, na mtoto amekaa juu ya nyasi.

Alikuja jioni, na punda. Punda akamwacha mbali. Akapima. Kisha akasema niongeze, kwa sababu ngamia nao hupita hapa siku za soko, na ngamia hainami kwa ajili ya Idi ya mtu. Tukaongeza. Akaingia ndani, kitu ambacho hajawahi kufanya, akaomba kuona pale pa kuwashia. Nikamwonyesha rafu, plagi, transfoma, halafu kile kifaa cha fundi. Nikamweleza kile kitufe.

"Nikibonyeza?"

"Inakata nyumba nzima."

Akabonyeza. Nyumba ikaingia giza, friji ikanyamaza, na jikoni hooyo akapiga kelele, "Nani huyo?" Adeer akakaa kimya gizani kwa muda. Nikarudisha swichi. Akabonyeza tena. Hooyo akapiga kelele tena. Akabonyeza mara ya tatu, na nilipoirudisha akatikisa kichwa.

Usiku ule taa ziliwaka kwenye mwarobaini, uzi mmoja tu, wala haukutosha kuuzunguka mti. Watoto walilalamika kwamba safari hii hawana kitufe. Adeer alikuwa amesimama ng'ambo, kamba mkononi, anaangalia mti, anaangalia mchanga.

"Adeer," akaniita, "hiyo haiwezi kutulia?"

Nikaingia ndani nikabonyeza mpaka mtindo wa nane. Nilipotoka, alikuwa katikati ya njia. Alikuwa anavuka kwa miguu, peke yake, pole pole. Alifika upande wetu, akageuka, akarudi. Kisha akamwita mjukuu wake amlete punda.