Asubuhi za Nafula

Miaka ya 1980, asubuhi ya Malava ilianza kwa moshi wa kuni. Kisha mbega waliunguruma msituni, na trekta za miwa zikaanza kukokota matela kuelekea kiwanda cha Kabras. Wakati huo nyanya alikuwa keshafika bandani kwa Nafula, ng'ombe wetu wa gredi aina ya Ayrshire, mwekundu mwenye mabaka meupe.

Alianza kumsemesha tangu mlangoni, kwa sauti ya chini: bei ya sukari, mvua, harusi ya jirani. Nafula alitega masikio, akasogeza mguu wa nyuma bila kuambiwa. Nyanya akaketi kwenye kigoda, akaosha kiwele kwa maji vuguvugu, akakikausha kwa kitambaa ambacho hakuna mtu aliyethubutu kukigusa. Matone ya kwanza aliyakamulia kwenye kikombe cheusi na kuyakagua mwangani. Yakiwa na madonge, kiwele kinaumwa. Yakiwa safi, alijipaka mafuta kidogo, akaanza kubana chuchu kutoka juu kwenda chini, bila kuvuta. Ndoo ililia kwa ukali, halafu povu likaimeza sauti.

Pale hapakupigwa kelele. Jioni moja kijana wa kazi alimchapa Nafula fimbo ya mgongo, na maziwa yakagoma. Daktari wa mifugo angesema woga huzuia homoni inayoteremsha maziwa. Nyanya alisema tu, "Amekasirika, mwacheni," akamtuma kijana akakate nyasi za nepia.

Nepia ililiwa pamoja na vilele vya miwa, vyenye utamu wa kijani ulionata mikononi. Chochote chenye harufu kali kilisubiri hadi baada ya kukamua, maana maziwa hudaka harufu upesi. Siku ya josho tulitembea na Nafula polepole kwenda kuogeshwa, kwa hofu ya kupe na ndigana kali. Shuleni tulikunywa maziwa ya Nyayo kwenye pakiti za pembetatu, nasi tukayapenda, ila ya nyumbani yaliweka utando mnene juu ya chai.

Wateja walikuja na chupa zao. Daktari akimdunga Nafula sindano, nyanya alimwaga maziwa kwenye migomba mpaka siku alizoambiwa zimalizike. Mwalimu mmoja alibisha, akasema yakichemshwa yatafaa.

"Mwalimu," nyanya akamjibu, "nenda kwa jirani."

Akaenda, akinung'unika njia nzima, chupa ikigongana na funguo zake.