Mtoto wa Mbwa Aposwe Kwanza

Hapa Leeds, mtu anayetafuta mtoto wa mbwa hufundishwa kuuliza swali moja kabla ya bei: mama yake yuko wapi? Muuzaji akianza kusema mama amepelekwa kwa daktari, au yuko kwa dada yake mji mwingine, unaaga unaondoka. Sheria iko upande wako. Tangu tarehe 6 Aprili 2020, England imepiga marufuku maduka na madalali kuuza watoto wa mbwa na paka walio chini ya miezi 6. Mfugaji mwenye leseni anauza waliozaliwa kwake tu, mnunuzi awaone wakiwa na mama yao, na hakuna kumtoa mtoto kabla ya wiki 8. Watu wanaiita Sheria ya Lucy, jina la jike aliyeokolewa mwaka 2013 kutoka shamba la kuzalishia mbwa huko Wales, mgongo wake umepinda kwa kukaa kizimbani.

Kwetu Machame, Tanzania, mbwa hauzwi, anaombwa. Jike wa jirani akizaa, habari inafika hadi kwenye kilabu cha pombe ya mbege siku hiyo hiyo. Macho ya watoto yakifunguka, kwenye wiki ya pili hivi, watu wameshagawana: huyu mweusi wangu, yule mwenye miguu myeupe wa mwalimu. Wiki ya nne ikifika jike amebaki peke yake, chuchu zimejaa, anazunguka migombani akinusa.

Sababu zetu nazijua, na si ukatili. Ukichelewa, dume lenye kifua limeshachukuliwa. Wazee nao wanasema mbwa akichukuliwa mdogo ndiyo anamjua mwenyewe. Ila sababu kubwa, ambayo haisemwi sana, ni chakula. Jike anayenyonyesha watoto saba anahitaji chakula mara mbili na zaidi ya kile cha siku zote, na sisi tunamtupia ukoko wa ugali uliobaki. Akikonda mbavu zikahesabika, mwenye mbwa anaona huruma ni kumpunguzia watoto.

Basi mtoto wa kaka yangu akanitumia sauti kwenye WhatsApp: "Shangazi shikamoo. Simba anaharisha tena. Baba anasema ni meno." Simba, mtoto wa mbwa waliyemwomba, alikuwa na wiki nne. Alikuwa akipewa maziwa ya ng'ombe kwenye kifuniko cha sufuria, asubuhi na jioni, yamezimuliwa kwa maji ili yatoshe na chai ya nyumbani.

Meno hayahusiki. Maziwa ya mbwa yana mafuta na protini takribani mara mbili ya yale ya ng'ombe, na sukari yake ya maziwa ni pungufu. Kwa hiyo mtoto anayepewa ya ng'ombe anapata sukari nyingi kuliko aliyoizoea, inayomharisha, na wakati huo huo anakosa kinachojenga mwili. Ukiongeza maji unamshindisha njaa huku tumbo likionekana limejaa. Na lile tumbo la duara tunalolisifu kwamba mtoto ameshiba, mara nyingi ni minyoo. Anazaliwa nayo: viluwiluwi vya minyoo hupita kwenye kondo la nyuma akiwa tumboni, vingine huja na maziwa. Ndiyo maana dawa ya minyoo huanza wiki ya pili, ikarudiwa kila baada ya wiki mbili hadi wiki ya nane. Wapo wanaosubiri mbwa akue kwanza. Kwenye nyumba yenye watoto wanaotambaa hiyo ni hatari, kwa sababu minyoo hiyo humwingia binadamu na inaweza kufika hadi kwenye jicho.

Hapa mtaani kwangu yupo mama mmoja mstaafu anayelea watoto wa mbwa waliofiwa na mama, kwa kujitolea. Nimewahi kukaa jikoni kwake akilisha mmoja ambaye alikuwa hajafungua macho. Kwanza alimshika tumbo na masikio kuhakikisha ana joto. Mtoto aliyepoa halishwi, maana utumbo wake umelala na maziwa yatachachia humo. Akampima kwenye mizani ya unga, akaandika gramu kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa friji. Alimlaza kifudifudi, kichwa kimeinuka kidogo, chuchu ya chupa ikidondosha tone moja moja. Kumlaza chali kama mtoto mchanga wa binadamu ni kumpelekea maziwa kwenye mapafu. Alipomaliza, akalowesha pamba kwa maji ya vuguvugu akamsugua taratibu chini ya tumbo mpaka akakojoa. Mtoto wa mbwa wa umri ule hawezi kukojoa wala kujisaidia mwenyewe. Mama yake humlamba. Asipolambwa mkojo unabaki ndani. Na kazi hiyo yote inarudiwa kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana.

Nikiwa pale nilimwaza bibi yangu, ambaye angecheka hadi machozi, kisha angeuliza huyo mama analipwa na nani.

Lakini Waingereza nao wana pengo lao. Mtoto wa mbwa wa Leeds anaweza kukaa ndani ya fleti na mtu mmoja mpaka amalize chanjo, bila kusikia jogoo, pikipiki wala mtoto akilia. Na dirisha la kuizoea dunia ni fupi: linafunguka kwenye wiki ya tatu na kuanza kufungwa kati ya wiki ya 12 na ya 14. Asichokutana nacho humo kinaweza kumtisha maisha yake yote. Kwa hiyo watu wanalipia darasa. Mbwa wanakaa kwenye duara ndani ya ukumbi wa kanisa, wanaonyeshwa mwavuli, wanasikilizishwa fataki kwenye simu. Simba hakuhitaji ukumbi. Kihamba kizima, yaani shamba la nyumbani, ni darasa: kuku, mbuzi, wageni wa ndoa, boda inayopiga resi getini. Hapo tunawashinda kabisa, ila tunakuja kuharibu kwa kumfungia bandani mchana kutwa ili awe mkali, na kumpa pilipili. Pilipili inamuumiza tumbo. Ukali unaotokana na kufungiwa ni woga, na mbwa mwoga humuuma mwenyeji kabla ya mwizi.

Jambo ambalo kwetu ni zito kuliko huku ni meno. Watoto wa mbwa hufundishana nguvu ya kuuma. Mmoja akizidisha, mwenzake analia na mchezo unakatika; akimng'ata mama chuchu, mama anasimama na kuondoka. Masomo hayo huwa kati ya wiki ya nne na ya nane, muda ule ule ambao sisi tumeshamtia kwenye katoni tukaondoka naye. Utafiti uliofanyika Italia na kuchapishwa mwaka 2011 uliwalinganisha mbwa waliotengwa na wenzao wakiwa na siku 30 hadi 40 na wale waliosubiri miezi miwili. Waliotolewa mapema walikuwa waoga zaidi, wabwekaji zaidi, na waharibifu zaidi wa vitu.

Huku Leeds mtoto asiyejua kupima meno anachana soksi na watu wanacheka. Uingereza ilimaliza kichaa cha mbwa wa humo ndani mwaka 1922, na chanjo yake huku hutolewa zaidi kwa mbwa wanaosafiri. Kwetu mchubuko wa jino ni suala la hospitali. Hata mtoto wa mbwa anaweza kuwa na kichaa. Unaosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, unakwenda kuchomwa sindano ambazo familia nyingi zinakopa nauli kuzifuata, na mara nyingi mbwa mwenyewe anauawa jioni ile ile kwa rungu. Kwa hiyo ratiba ya chanjo ya huku usiichukue kama ilivyo: nyumbani ya kichaa ndiyo usiikose, na wakija na kampeni ya chanjo wape na watoto, Shirika la Afya Duniani linaruhusu hata walio chini ya miezi mitatu.

Kwa aliyekwisha kumchukua mtoto mapema, au kama jike amegongwa na gari, haya ndiyo niliyomwambia kaka. Mtoto wa wiki nne ana meno; apewe uji mzito wa dagaa waliosagwa au ugali uliolainishwa kwa supu ya nyama, mara nne au tano kwa siku, kidogo kidogo. Mdogo zaidi ya hapo anahitaji maziwa yake maalumu ya unga. Yasipopatikana, dawa ya dharura ni kikombe cha maziwa yasiyotiwa maji, viini vitatu vya mayai na kijiko cha chai cha mafuta ya kula, mpaka umfikie daktari wa mifugo. Kwa baridi ya Julai, chupa ya soda yenye maji ya moto, izungushiwe kanga, na katoni iwe na nafasi ya yeye kujisogeza joto likizidi. Viroboto watolewe kwa kitana na maji ya sabuni. Dawa ya kuogeshea ng'ombe inaua mtoto wa mbwa haraka kuliko kiroboto. Akiuma mkono, mchezo uishe kimya kimya, bila kofi. Na kama jirani ana mbwa mpole aliyechanjwa, wacheze pamoja. Huyo atamfundisha adabu kuliko sisi sote.

Ila nafuu ya kweli ni kabla ya hapo. Sheria ya Tanzania ya Ustawi wa Wanyama ipo tangu 2008, lakini hakuna afisa atakayepanda Machame kuhesabu wiki za mtoto wa mbwa wa kuombwa. Nilichomshauri kaka ni posa. Chagua wako mapema, mfunge uzi shingoni uliolegea watu wajue ana mwenyewe, kisha umwache kwa mama yake mpaka wiki ya nane. Kila Jumamosi peleka kibaba cha dagaa na pumba kwa yule jike. Mama akishiba, mwenye mbwa hana haraka ya kugawa, na maziwa ya kweli yanatoka bure. Gharama yake ni ndogo kuliko kuhangaika na kuharisha, na ukienda pale kila wiki mtoto anakuzoea vizuri tu.

Kaka aliuliza kama siku hizi mbwa naye anatolewa mahari. Nikamjibu ndiyo, jike wa mwalimu ana mimba, na dagaa wa Mwanza wanapanda bei, kwa hiyo aanze kuweka akiba.