Kariakoo kwa masikio

Jumamosi nilijipa zoezi la kuzunguka mjini kwa miguu, simu mfukoni, bila muziki masikioni. Sisi watu wa ualimu tunaimba kila siku kwamba stadi za lugha ni nne: kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika. Sasa hiyo ya kwanza nani anaifundisha? Nikasema ngoja nikajifunze mwenyewe.

Nilianzia Kivukoni, honi ya pantoni ya Kigamboni inalia. Nikakata Posta, Mnazi Mmoja, nikaingia Mtaa wa Uhuru. Hapo ndipo kelele zilipoanza kuwa na maana. Muuza kahawa hasemi kitu, anagonganisha vikombe tu. Wa sigara na karanga anachezesha sarafu kiganjani. Fundi wa kutembea, cherehani begani, anachezesha mkasi hewani. Mpiga kiwi anagonga brashi kwenye kiboksi chake. Mteja aliyezoea anamwita mtu wake bila hata kugeuka kutazama.

Mtaa wa Congo sasa, balaa! "Chagua, chagua! Buku, buku!" Nyuma yako mtu wa mkokoteni anapiga kelele "pisha!", na usipopisha shauri yako. Juu ya yote kuna vile vipaza sauti vilivyorekodiwa, vinarudia bei ile ile kutwa nzima, mwenye duka mwenyewe kimya.

Halafu jina lenyewe la Kariakoo ni kazi ya masikio. Waingereza walipoiteka Dar mwaka 1916, eneo lile likawa kambi ya wapagazi wa jeshi lao, Carrier Corps. Wenyeji wakalisikia, wakalitamka kwa ulimi wao, likabaki mpaka leo.

Nilipofika Mchikichi nikasimama kidogo. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa liliporomoka eneo hili, wakafa watu zaidi ya 20. Jamani, mnakumbuka siku zile? Kuna watu walikuwa hai chini ya kifusi, na waokoaji wakawa wanawasiliana nao. Katika mtaa ambao kila mtu anashindana kupaza sauti, sauti ya mtu mmoja kutoka chini ndiyo iliyowaambia wa juu kwamba bado yuko hai, wasichoke kuchimba. Nikawaza, kama pasingekuwa na mtu wa kutega sikio ingekuwaje?

Ndiyo maana nimeshaamua. Nikienda mazoezi ya kufundisha, kipindi cha kwanza hakuna kitabu. Madirisha wazi, macho tumefumba, dakika 5, halafu kila mwanafunzi aniambie kasikia nini na ni nani aliyekuwa akiita. Anayebisha kwamba hilo si somo, twende naye Kariakoo Jumamosi ijayo. Nauli kila mtu na yake!