Skrubu ya Gumegume

Bunduki yenyewe niliiacha Tanga. Ni nakala ya Brown Bess, bunduki ya gumegume ya jeshi la Uingereza, iliyotengenezwa India na kuzibwa mtutu. Shule yetu inaitumia katika mchezo wa kuigiza kuhusu misafara. Haifyatui kitu, lakini sheria ya silaha ya mwaka 2015 ni kali, na askari wa barabarani hawezi kujua kwa macho kwamba mtutu umezibwa. Kwa hiyo nilipanda basi la Arusha, mji nisioujua, nikiwa na skrubu tu iliyokatika shingo, nimeifunga kwenye kitambaa.

Skrubu hiyo na mwenzake ndizo zinazoshika mtambo kwenye mti wa bunduki. Moja ikilegea, jiwe haligongi chuma sawasawa, cheche hazianguki kwenye kisahani cha baruti, na bunduki inabaki rungu.

Njia nzima nilikuwa nikiwaza jambo hilo. Korogwe, Mombo, Same: chini ya milima hii, kandokando ya bonde la Pangani, ndiko walikopita wapagazi wa karne ya 19. Bunduki zilizochakaa katika majeshi ya Ulaya zilishushwa Zanzibar kwa maelfu, nyingine zikavuka bara. Vitabu vyetu vinawataja sana waliozibeba na waliozinunua. Aliyezitengeneza zilipoharibika huku porini, mbali na duka lolote, hatajwi. Mimi namhesabu kuwa mtu mkubwa wa msafara.

Baada ya Usa River wingu lilipanda, nikauona Meru, mita 4,566, ubavu wake wa mashariki umebomoka wote. Abiria wenzangu hawakugeuka hata kutazama. Mimi niligandamana na kioo mpaka Tengeru.

Mjini, maduka ya nati na bolti yalinipokea vizuri na kunirudisha mikono mitupu. Nati za milimita 6 ziliingia kidogo kwenye skrubu yangu zikakwama. Muuza duka mmoja, kijana mstaarabu, aliweka skrubu yangu kando ya ya kwake akanionyesha: nyuzi zangu zimeachana zaidi. "Hii ya Kiingereza, mwalimu. Nenda Unga Limited, waulize wanaokereza vyuma."

Unga Limited ni kelele za mashine na harufu ya chuma kilichochomwa. Fundi niliyeelekezwa alikuwa mzee. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba huku mkono umeshanyooshwa kuchukua skrubu. Akaipima. "Robo inchi, nyuzi ishirini kwa inchi. Whitworth."

Nilishangaa kwamba ana vifaa vya kuchongea kipimo hicho. Joseph Whitworth alikipendekeza mwaka 1841. Kabla yake kila karakana ilichonga nyuzi zake, na skrubu ya bunduki moja haikulazimika kuingia kwenye nyingine. Siku hizi dunia karibu yote inatumia milimita. Mzee akaniambia ni kahawa. Mashine za kumenyea kahawa kwenye mashamba ya Meru zilitoka Uingereza, nyingine Aberdeen kwa McKinnon, na zinazofanya kazi mpaka leo bado zinataka nyuzi zilezile. Kahawa, basi, ndiyo iliyonihifadhia skrubu ya bunduki.

Alikereza kipande cha chuma, akachonga nyuzi taratibu, akirudisha nyuma kila baada ya mzunguko ili vumbi la chuma litoke. Kichwa alikipa mviringo kwa tupa, akakata mfereji mwembamba wa bisibisi. Nilimwomba aupanue, akakataa: bisibisi nene huharibu mti. Mwisho akaipasha moto, akaitumbukiza kwenye oili chafu, ikatoka nyeusi.

Nilitaka ya pili palepale, kwa kuwa mwenzake nayo imechakaa.

"Hiyo sijaiona," alisema. "Tundu lake huenda limepanuka. Lete mtambo wenyewe, mwanangu, mti na mtutu uviache kwenu. Ila njoo kabla ya Julai. Kahawa ikianza kuiva, mashine za Wameru zinajaa hapa mpaka mlangoni."