Gari la Kaka, Luku ya Shangazi

Msomaji wangu, gari la umeme tamu, lakini lifikishe Mkwaja uone kasheshe!

Kaka yangu ana Audi e-tron 55, mimi nina Prado kuukuu ya dizeli. Idd iliyopita tuliongozana kwenda kwa shangazi. Bagamoyo tukabadilishana magari. Lake kimya, ubaridi, linachomoka kama mshale! Prado yangu nikaionea haya, inavyonguruma kama mashine ya kusaga.

Basi bwana, tulipofika kaka akavuta waya, akachomeka sebuleni. Betri ile ni ya uniti 95, na ndizo uniti hizi hizi za Luku. Kwa soketi ya ukutani, kuijaza ni zaidi ya saa 30. Shangazi, ambaye mwezi mzima havuki zile uniti 75 za bei nafuu, akachungulia mita.

"Mwanangu, humo ndani mna friji ngapi?"

Nikacheka hadi basi. Kaka hakucheka. Alikuwa akiitamani Q8 e-tron, yenye uniti 114, lakini kiwanda chake cha Brussels kilifungwa Februari 2025. Sasa anasubiri toleo jingine. Mimi nasubiri la bei yangu.

Usiku akachomoa, akamnunulia shangazi Luku ya kutosha. Kurudi Dar alizima kiyoyozi, akafungua vioo, akala vumbi la Prado.