Kitovu cha Gurudumu na Kinywa cha Nyanya

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa ukiona vyaelea, vimeundwa. Aghalabu sisi wanafunzi wa fasihi huirejelea methali hii tunapohakiki usanii wa shairi. Mimi imenielea barabara kupitia baiskeli ya marehemu babu yangu.

Nyanya, ambaye umri wake umepita miaka 90, husimulia kwamba Babu aliinunua mwaka 1946 kwa malipo aliyopewa alipoagwa jeshini baada ya vita vya Burma, na kwamba yeye mwenyewe aliletwa kwa Babu kama bi arusi juu ya baiskeli hiyo mwaka 1949. Nilipoitoa ghalani kijijini kwetu, Bungoma, ili ikarabatiwe, nilitaka kwanza kuitambua. Nembo yenye kichwa cha korongo ilidhihirisha kuwa ni Raleigh, iliyoundwa Nottingham, Uingereza. Lililonishangaza ni gia tatu zilizofichwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, ilhali baiskeli nyeusi tulizozizoea vijijini huwa hazina gia za kubadilisha. Kitovu kilikuwa cha Sturmey-Archer, kampuni iliyokuwa na desturi ya kuchapa mwaka na mwezi kwenye vitovu vyake. Nilipofuta uchafu, zilijitokeza herufi AW na tarakimu 52 na 7, yaani Julai 1952.

Mjadala ukazuka ukooni. Binamu zangu walidai kuwa chuma hakisemi uongo. Kwa hivyo, kumbukumbu za Nyanya zimechakaa. Aliposikia hayo, Nyanya aliacha kabisa kusimulia. Ukimya ule uliniuma, kwani ungeweza kuuzika ujana wake mzima.

Fundi ndiye aliyetufumbua macho. Alipoling'oa gurudumu, alituonyesha kwamba ncha za uma wa nyuma zilikuwa zimepanuliwa kwa tupa ili zipokee ekseli nene zaidi. Isitoshe, rimu ya mbele ilikuwa nyeusi kama fremu, ya nyuma haikupakwa rangi. Yamkini, basi, gurudumu lile liliingizwa baadaye. Jambo hili halithibitishi kwamba baiskeli ni ya 1946. Linaondoa tu sababu ya kumkanusha Nyanya. Sisi tunaochunguza tendi za kale tunalifahamu fika suala hili. William Hichens alichapisha Al-Inkishafi mwaka 1939, lakini nani atathubutu kusema kuwa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliitunga mwaka huo, ilhali alikwisha kufariki karne moja na ushei kabla? Tarehe ya chapa si tarehe ya utungo, na tarehe ya kitovu ni ya kitovu pekee.

Fundi alipendekeza tuipake rangi mpya na kuitupa keria ya mianzi ambayo Babu aliifunga kwa vipande vya mpira baada ya ile ya chuma kukatika. Nilikataa. Tulibadilisha tairi, mnyororo na raba za breki, tukaipaka fremu mafuta kuzuia kutu. Mianzi ile, iliyotoka Mlima Elgon, tuliiacha, kwa kuwa ndiyo saini ya mkono wa Babu iliyosalia.

Sasa baiskeli inaendeshwa. Chini ya kiti nimefunga kadi, kwa mtindo wa mhariri wa miswada: "Kitovu, 1952. Fremu, kabla ya kitovu. Kwa mapokezi ya Nyanya, 1946." Nilipomsomea, Nyanya aliuliza mbona sikuandika jina la bi arusi aliyebebwa. Nikaliongeza, naye akaanza kusimulia upya.